Gauni la Kuficha Magoti

Wapo wanaokwenda kwa fundi wakitaka gauni la kuficha tumbo. Wapo wanaotaka la kuficha mikono minene, na wapo wanaotaka la kuficha miezi minne ambayo shangazi zao bado hawajaambiwa. Dada Stoo alikwenda kutaka gauni la kuficha magoti. Wala magoti yake hayakuwa na kasoro yoyote. Yalikuwa magoti mazuri tu ya mtu wa miaka thelathini na minane. Alichotaka ni kuyakunja humo ndani siku nzima ya harusi yake, bila mtu yeyote kujua.

Hebu tulieni kwanza, maana jambo lenyewe ukilisikia harakaharaka unaweza kudhani dada wa watu alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alipiga hesabu zake vizuri sana, isipokuwa alizipiga peke yake.

Dada Stoo lilikuwa jina la kazini, likaganda mpaka nyumbani. Alikuwa mtunza stoo ya dawa hospitalini, mwaka wa kumi na nne huo, ndani ya chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye rafu mpaka darini. Makasha ya glavu, bandeji, chupa za dripu, yote aliyajua yalipo hata umeme ukikatika. Rafu ya juu kabisa aliifikia kwa mkono, kisigino kikiwa kimekanyaga chini. Alikuwa mrefu. Sisemi mrefu wa kusifiwa kwamba huyu dada ana kimo kizuri. Nasema mrefu wa kuinama mlangoni. Tangu usichana alitembea amekunja mabega kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Mama yake alimwambia anyooshe mgongo asubuhi, mchana na jioni, miaka nenda miaka rudi, mwisho akachoka akanyamaza.

Na mchumba wake alikuwa kinyozi, mwenye kibanda cha kiti kimoja ng'ambo ya geti la hospitali. Walijuana siku kinyozi alipokuja stoo kuomba spiriti ya kusafishia mashine zake. Alikataliwa, kwa sababu spiriti ya hospitali si ya vinyozi, lakini alikataliwa huku Dada Stoo akicheka mpaka kushika rafu. Kesho yake akarudi kukataliwa tena. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mcheshi, mtaratibu, na kichwa chake kilimfika Dada Stoo begani, tena siku aliyovaa viatu vya soli nene. Kwa miaka miwili hilo halikuwa neno. Wakiwa kibandani yeye alikaa kwenye benchi, kinyozi akasimama anafanya kazi. Njiani walitembea wakiongea, na mtu anayetembea hapimwi. Lakini harusi ni kusimama. Unasimama mbele ya watu, unasimama kupokea pongezi, unasimama kupigwa picha. Hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Kumbe kulikuwa na kidonda. Miaka saba nyuma aliwahi kuchumbiwa na mwalimu. Siku moja walikwenda kwenye sherehe ya jamaa za mwalimu, na mjomba mmoja mwenye maneno yake akauliza mbele ya watu kama mwalimu siku hizi anatembea na mlinzi. Watu wakavunjika mbavu. Mwalimu naye akacheka pamoja nao. Wiki mbili baadaye akaja nyumbani, akakaa kwenye ncha ya kiti, akamwambia kwamba hana ubaya naye, ila akisimama karibu yake anajiona mtoto. Akaondoka, ikawa imetoka hiyo. Na mwalimu mwenyewe, jamani, alikuwa mfupi kwake kwa vidole viwili tu! Sasa kama mwanamume aliyepungua vidole viwili alishindwa kuvumilia, huyu aliyepungua kichwa kizima atavumilia vipi? Ndiyo hesabu aliyoipiga Dada Stoo. Tena alimpenda kinyozi kuliko alivyowahi kumpenda mwalimu, na kwa hiyo alimwogopea mara mbili. Kicheko kimoja cha watu siku ile, aliwaza, na huyu naye nitamkosa.

Basi akaanza mazoezi. Alijifunga shuka kubwa kiunoni, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akakunja magoti taratibu huku mgongo ukiwa wima. Ilifanya kazi! Alipungua karibu shibiri nzima, na kwa juu hakuna aliyeweza kuona kitu. Akawa anajizoeza hata stoo, katikati ya rafu, dakika tano, dakika kumi. Mfanyakazi mwenzake akamkuta siku moja kasimama hivyo ameuma meno, akamshauri kwa huruma akapime tumbo.

Kilichobaki ni gauni la kuubeba uongo huo. Lilitakiwa gauni pana, la mwavuli, lililobana kiunoni kisha likafumuka mpaka chini, na gaguro la tabaka tatu ndani yake.

Fundi aliyekwendewa alikuwa mama mmoja mnene, asiye na haraka, mwenye chumba nyuma ya safu ya maduka. Cherehani mbili, meza ya kupigia pasi, kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani, na pini mdomoni. Alikuwa ameshavalisha maharusi mpaka akaacha kuhesabu, na alikuwa na utaratibu wake usiovunjwa na mtu. Kitambaa cha harusi hakikati kabla ya kushona gauni zima kwa mashuka makuukuu, ambayo aliyanunua kwenye nyumba za wageni. Bibi harusi analivaa gauni la shuka, anatembea nalo, anakaa nalo, anapanda nalo ngazi za nyuma. Likikubali, ndipo satini inatolewa kabatini. "Shuka likiharibika tunafanya dasta," alikuwa akisema. "Satini ikiharibika tunalia."

Jambo la pili, fundi huyu hakuwa mtu wa kumwuliza mteja anataka mshono gani kwanza. Alimwangalia akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, basi, ameshajua. Dada Stoo alipoingia tu, mama wa watu alishusha miwani, akamtazama hatua zake nne, akatoa hukumu. Mwili wako ni wa kunyooka, akamwambia. Nitakushonea gauni moja refu, lisilokatwa kiunoni, lianzie begani lishuke mpaka chini lenyewe, shingo iwe wazi. Hutahitaji shanga wala kikorombwezo. Ukivaa la mwavuli, na kimo hicho, watu watadhani hema limehama.

Dada Stoo akasema anataka la mwavuli.

Fundi akamwonyesha picha, akamchorea kwa chaki juu ya meza, akamweleza kwamba upana unapendeza kwa mtu mwenye kiuno chembamba na kimo cha wastani, na kwamba aliyejaaliwa urefu analipa hasara kuukata katikati. Dada Stoo akasikiliza kwa adabu zote, akasema ndiyo mama, nimekuelewa mama, na mimi nataka la mwavuli. Fundi akashusha pumzi. Mwenye harusi ni wewe, akasema, akachukua tepu.

Siku hiyo Dada Stoo alikuwa amevaa sketi pana makusudi. Ilipofika zamu ya kupima kutoka kiunoni mpaka chini, akakunja magoti yake kama alivyozoea. Fundi akapima. Akatazama namba, akatazama uso wa mteja, akapima tena. Kisha akaandika kwenye daftari lake.

Baada ya siku tano akaitwa kuja kujaribu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili harusi ifike, na kwa kushona satini peke yake fundi alihitaji kumi. Gauni la shuka lilikuwa limetundikwa mlangoni, maua ya bluu mwili mzima, na ubavuni bado lilikuwa na mhuri wa nyumba ya wageni. Dada Stoo akalivaa, akakunja magoti humo ndani, akajitazama kiooni. Akaona mwanamke wa kimo cha kawaida, mpana kuanzia kiunoni kwenda chini, mwenye uso wa mtu anayesubiri sindano. Akajiambia inatosha.

Fundi akamwambia atembee. Akatembea. Mtu anayetembea amekunja magoti anaonekana kama anashuka ngazi ambazo hazipo, na fundi alitazama safari hiyo kwenda na kurudi bila kupepesa macho. Kisha akapiga magoti kwa taabu, akaanza kubana pindo kwa pini, polepole, kidole kwa kidole. Ajabu ni kwamba siku nyingine kazi hiyo humchukua robo saa. Siku hiyo ilichukua dakika arobaini. Mara pini imepotea, mara hapa tumezidisha, mara hebu turudie huku nyuma.

Dada Stoo alijikaza kisabuni. Dakika ya kumi na tano mapaja yakaanza kuwaka. Dakika ya ishirini na tano jasho likamtoka mgongoni. Ilipofika nusu saa, maua ya bluu yalikuwa yanatetemeka yote kwa pamoja, na fundi pale chini anaendelea kubana pini kana kwamba hana habari. Halafu msuli wa paja ukakaza. Dada Stoo akatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa tangu azaliwe, akadaka meza ya pasi, akachomoka juu mpaka kimo chake chote, na pindo lililokuwa sakafuni likaruka mpaka juu ya vifundo vya miguu.

Fundi akatoa pini mdomoni moja moja, akaziweka mezani, ndipo akacheka. Alicheka akiwa amekaa sakafuni, mkono kifuani. Akasema ameshona magauni ya kuficha matumbo, makovu, mpaka bandeji ya mguu uliovunjika, lakini la kuficha magoti yaliyokunjwa hajawahi kuletewa, na kwamba alilijua tangu siku ya vipimo, alitaka tu kuona ataweza mpaka lini. Alipoinua uso akaona mteja wake analia, akaacha kucheka papo hapo.

Yakatoka yote. Mwalimu, mjomba, vidole viwili, ncha ya kiti. Fundi akasikiliza huku akimsugua paja kwa viganja vyake vizito.

"Huyu kinyozi," akauliza, "amekuambia uiname?"

"Hapana."

"Umemwuliza kama anataka uiname?"

Miaka miwili ya kucheka pamoja, na swali hilo hakuwahi hata kulikaribia.

"Basi nisikilize, mwanangu. Satini yako iko kabatini, haijaguswa na mkasi. Kesho asubuhi nakata, kwa sababu nikichelewa zaidi utaolewa na kitambaa begani. Nikate pana, nikate la kunyooka, utaniambia wewe. Lakini nenda kamwulize mwenyewe. Mimi siwezi kumshonea mtu mateso halafu nikaja kula karamu yake."

Akavua gauni la shuka, akavaa nguo zake, akatoka. Kutoka pale mpaka kibandani ni mwendo wa dakika kumi, yeye alitumia nusu saa. Alisimama mbele ya duka la sufuria akatazama sufuria. Aliwaza arudi amdanganye fundi kwamba ameuliza. Akawaza uso wa fundi, akaona huyo hadanganyiki. Mwisho akapiga moyo konde, akavuka barabara.

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, babu mmoja aliyenyolewa nusu kichwa. Dada Stoo hakungoja babu amalizwe, maana alijijua. Akikaa kwenye benchi lile tu, angeanza kuongea mambo mengine. Akasimama mlangoni, ameinamia kizingiti, akasema yote kwa pumzi moja. Habari za mwalimu ambazo hakuwahi kumsimulia. Habari za gauni. Habari za magoti. Akasema hataki kinyozi achekwe siku yake, na kama anaona afadhali yeye awe mfupi siku hiyo, aseme tu, atajitahidi, ameshafanya mazoezi, ila fundi ndiye aliyekataa.

Kinyozi akazima mashine. Hakumtazama. Alitazama kitana mkononi mwake, na Dada Stoo akajisemea ndiyo haya tena, huyu naye anatafuta maneno ya kistaarabu.

"Mimi ni mfupi mwaka wa arobaini na mbili huu," kinyozi akasema. "Ulidhani nitagundua siku ya harusi?"

Babu wa nusu kichwa akaguna. Kinyozi hakucheka.

Akasema ameshachekwa. Shuleni alichekwa, kwao alichekwa, na tangu watu wa mtaa wajue anamwoa nani, hapohapo kwenye kiti chake wateja wameshamaliza utani wote uliopo duniani, mpaka wameanza kuurudia. Hilo halimnyimi usingizi. Kinachomuuma ni kingine kabisa.

"Ungesimama kutwa nzima unaumia," akasema. "Picha zote ungekuwa unatabasamu, na mimi niko pembeni yako, nimefurahi, sina habari. Tungezeeka naziangalia picha zile, sijui kitu. Hivyo ndivyo ulivyotaka kuniheshimu?"

Dada Stoo akasema hapana. Kinyozi akavuka zile hatua mbili, akamshika mkono, akamwambia akamwambie fundi akate la kunyooka, na kama wapo watakaocheka, wacheke, chakula kipo. Akasema na yeye ana jambo la kuungama: anaogopa kucheza muziki mbele za watu kuliko kitu chochote, wiki nzima hajalala vizuri, sasa amsaidie hilo, kwa sababu hilo ni tatizo la kweli.

Ndipo Dada Stoo alipocheka. Alicheka machozi yakimtoka, na akahisi kitu kimeachia kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, kitu alichokibeba muda mrefu mpaka akakidhania ni sehemu ya mwili. Babu akauliza kwa upole kama na yeye anaweza kumaliziwa upande wa pili sasa, maana harusi ya watu isimfanye arudi nyumbani hivyo.

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa fundi. Hakusema salamu ndefu. Akasimama katikati ya chumba, akanyoosha magoti, akanyoosha mgongo, akashusha mabega chini mahali pake. Fundi akaweka ncha ya tepu nyuma ya shingo, akaishusha, akaishusha, mpaka tepu ikaisha bado sakafu iko mbali. Akaweka alama ya chaki, akaanza upya kutoka hapo. Namba ilipopatikana akaitaja kwa sauti, akaiandika, akaipigia mstari kwa chini. Kisha akafungua kabati, akatandaza satini mezani, na mkasi ukaingia. Dada Stoo akakaa kwenye kiti kuusikiliza ukikata. Alikuwa na njaa kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Siku yenyewe gauni lilishuka kutoka begani mpaka chini bila kituo, kama fundi alivyolisema siku ya kwanza, shingo wazi, halina shanga hata moja. Mama yake aliingia chumbani akamkuta amesimama. Akamzunguka mara moja. Alimpitishia kiganja mgongoni, kutoka juu mpaka kiunoni, akakirudisha tena juu, akatoka nje kufuta machozi.

Na watu walicheka, kwa nini nidanganye. Ilikuwa wakati wa picha, baada ya kila kitu kwenda vizuri. Bwana na bibi harusi waliposimama peke yao mbele ya ukumbi mzima, minong'ono ikapita safu ya nyuma, kisha kicheko, si kikubwa, kile cha kuzibwa na kiganja. Dada Stoo akakisikia. Akili yake haikufanya lolote, lakini magoti yana akili yake yenyewe. Yakaanza kukunjika taratibu ndani ya satini, kidogo, kidogo tena. Hakuna aliyeona. Ila kinyozi alikuwa amemshika mkono, na mkono ule ukawa unashuka.

Hakugeuza uso, aliendelea kuitazama kamera.

"Stoo," akamnong'oneza, "unakwenda wapi?"

"Siendi popote," akasema, akarudi juu.

Ikabidi mpiga picha arudi nyuma hatua tatu ili waenee wote wawili.